Hereni za Yeyo na Magunia ya Shanga

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa maji na kuni, nilipandishwa ndege kwenda Guangzhou kwa sababu moja tu: nilijua kusoma. Yeyo, mama yangu, hakujua, na alikataa katakata kwenda nchi ya watu bila mtu wa kumsomea mabango ya viwanja vya ndege. Wenzangu kijijini walinionea kijicho mpaka wakaacha kunisalimia.

Safari ile haikuwa ya Yeyo peke yake. Sisi ni Wamasai wa kaskazini, na wanawake wa kijiji chetu walikuwa wamechoshwa na dalali wa mjini: shanga anauza yeye, mikufu ikishatungwa ananunua yeye, bei anapanga yeye. Wakauza mbuzi wao, wakamtuma Yeyo akazinunue shanga huko huko zinakotengenezwa. Faida ingejenga zahanati. Serikali ilikuwa imeiahidi tangu sijazaliwa, na wafadhili walikuja na magari yao mazuri, wakapiga picha, wakaondoka. "Tutajenga wenyewe," Yeyo aliwaambia wenzake, "na ufunguo tutakaa nao wenyewe." Alivyolitamka neno ufunguo, nalisikia hadi leo.

Koko, bibi yangu mzaa baba, hakupinga. Alimshika tu Yeyo masikio yote mawili, pale penye hereni za ndoa, vile vipande virefu vya ngozi vilivyoshonewa shanga.

"Huko waonyeshe chochote," akamwambia. "Hizi usivue. Mwanamke anayezivua mumewe akiwa hai, anamwitia mauti."

Guangzhou tulipokewa na Lemayan, mdogo wake Baba, aliyekuwa akisoma chuo huko kwa ufadhili. Mji mzima ulikuwa unajengwa; ukilala kuna uwanja, ukiamka kuna nguzo. Alituzungusha soko la Zhongda, la vitambaa na vikorokoro vya kushonea, mpaka miguu ikatuvimba. Shanga zilikuwa tele, ila zote za kuchuja rangi kama za dalali. Yeyo alitaka zile za zamani, zisizochuja. Kila duka jibu ni "mei you", hakuna. Mwishowe tukampata laoban mmoja, yaani tajiri mwenye duka, mama mnene mcheshi aliyenipa pipi kabla hata hajajua tunataka nini. Akaziinamia hereni za Yeyo, akaongea maneno marefu.

"Anasema shanga kama hizo anaweza kuzitengeneza," Lemayan akatafsiri. "Ila kiwandani wanataka sampuli. Hereni moja tu, mpaka kesho."

"Hizi hapana."

"Shemeji, nakuomba. Kaka yangu ni mzima wa afya. Hereni ya huku itamfanya nini mtu aliye kule?"

Yeyo alinitazama mimi, sijui kwa nini. Nadhani aliwaona wale wanawake na maboma yao yasiyo na mbuzi, akajiona anarudi mikono mitupu. Akapiga moyo konde, akavua. Sikio lake lilining'inia tupu, akalifunika kwa mtandio, na siku ile hakutia kitu mdomoni.

Kesho yake laoban aliirudisha hereni imefungwa kwenye karatasi laini, haijapungua hata ushanga mmoja. Nalisema hili kwa sababu baadaye kuna waliodai Mchina aliiroga. Mama wa watu hakumroga mtu! Yeyo akaivaa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, na oda ikalipwa.

Jioni hiyo simu ilitukuta tunakula tambi. Lemayan alipokea, akasikiliza, akaweka vijiti mezani. Baba alishikwa na homa ya ghafla, wakampakia kwenye pikipiki kumkimbiza hospitali ya wilaya, akakata roho njiani. Ilikuwa jana yake, siku ile ile hereni ilipokuwa kiwandani. Yeyo hakulia. Alilishika sikio lake, akalishikilia mpaka tunafika nyumbani.

Koko alimuuliza mbele ya waombolezaji wote: "Ulivua?"

Yeyo angeweza kudanganya. Lemayan alikuwa amebaki Guangzhou, na mimi nisingethubutu kufungua mdomo. Lakini akajibu, "Nilivua, mama."

Shanga zilikuja kwa meli, magunia kwa magunia. Jamani, zilikuwa nzuri! Wanawake walikuja kuziona, wakasimama mbali.

"Hizi zimelipiwa kwa roho ya mtu," alisema Mama Naserian, rafiki wa Yeyo wa kufa na kuzikana. "Mimi siwezi kumvisha mwanangu."

Koko, macho yake yenyewe hayaoni vizuri, alijikongoja akakaa kando ya Yeyo, akaomba uzi, akaanza kutunga. "Aliyekufa ni wangu mimi," akasema. "Kama mimi nazishika, nyie mnaogopa nini?"

Wakaondoka mmoja mmoja. Dalali akaja na gari lake, akayabeba magunia kwa bei ya kutupa, kisha akawauzia wanawake wale wale, nao wakanunua bila kujua kuwa ni zile zile.

Watu huniuliza kama naamini. Sijui. Ninachojua ni kwamba Baba alikufa kwa kukosa zahanati, na tukaitupa zahanati kwa sababu Baba alikufa. Ilinichukua miaka kuliona hilo, na kila nikiliona naumia upya. Nisingeumia hivi kama serikali au dalali ndiye angetuamulia. Safari hii tuliamua wenyewe, kama Yeyo alivyotaka.

Mwezi uliopita Mama Naserian alifiwa na mjukuu, njiani kuelekea hospitali. Yeyo alichukua fimbo yake, akaenda kukaa naye. Walishinda wameshikana mikono, na habari ya shanga wala zahanati Yeyo hakuigusa.