Koki Inayofunguka Kulia

Waraka wa mganga mkuu ulitamka kwamba mfanyakazi ndiye rasilimali ya kwanza ya hospitali. Kwamba ujuzi wake ni mali ya taasisi nzima. Kwamba kuanzia sasa kila mfanyakazi, awe wa cheo gani, atapewa mafunzo na kuendelezwa. Na kwamba hakuna hata mmoja atakayeachwa nje. Ulibandikwa kwa gundi kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Kufikia saa sita mchana mvuke ulikuwa umeshabandua pembe moja.

Mtunza boila aliusoma mara mbili, akafuta miwani, kisha akairudia aya ya mwisho, ile ya herufi ndogo: asiye na cheti ifikapo mwisho wa mwezi atahamishiwa kitengo kingine. Kitengo kingine, kama kila mtu alivyojua, ni kukaa getini na kuuliza watu wanamwona nani.

Wenzake walimwita Bwana Mvuke. Miaka ishirini na mmoja alikuwa amelea lile pipa kubwa la chuma nyuma ya chumba cha kufulia, linalochemsha maji na kupeleka mvuke kwenye mashine, kwenye pasi kubwa, na kwenye kabati la kuulia vijidudu kwenye nguo za chumba cha upasuaji. Boila ikizimika asubuhi, mchana daktari wa upasuaji anakunja mikono. Na katika miaka yote hiyo Bwana Mvuke hakuwahi kuhudhuria mafunzo hata ya nusu siku. Si kwamba alisahauliwa. Kila mwaka jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na kila mwaka lilikatwa kwa mstari, pembeni pameandikwa: hawezi kuachiliwa. Orodha hizo alizitunza nyumbani kwenye bahasha, na wageni walionyeshwa kabla ya picha za wajukuu.

Sababu ya kutoachiliwa ilikuwa moja, na alidhani anaijua peke yake. Zamani koki ya kuingizia maji kwenye boila iliharibika, likatafutwa gurudumu la koki likakosekana, ikafungwa koki nyingine iliyookotwa stoo. Hiyo ilifunguka kinyume. Koki zote duniani ukizungusha kushoto zinafunguka. Hii ilifunguka kulia. Bwana Mvuke alikusudia kuripoti Jumatatu. Jumatatu hiyo wakamletea msaidizi, kijana wa chuo mwenye kalamu tatu mfukoni, na kuripoti kukaahirishwa.

Yule wa kalamu tatu alidumu siku nne. Aliona maji yanashuka kwenye kioo cha kipimo, akafungua koki kushoto, yakazidi kushuka, akakaza zaidi, akatoka mbio. Bwana Mvuke aliingia taratibu, akasimama akiwapa watu mgongo, akazungusha mara mbili, maji yakapanda. Wakaja wengine wawili, wakaondoka vilevile. Tangu hapo ikawa desturi: koki ile iliguswa kwa mgongo. Hata mama wa usafi, aliyepiga deki humo kila asubuhi, ilipofika saa ya maji aliambiwa, "Mama Pacha, sogea kidogo," naye akasogea na ndoo yake.

Sasa afisa utumishi alimwita ofisini. Alikuwa dada mwenye adabu na kalenda kubwa.

"Mzee wangu, safari hii unaenda. Siku tano, ukumbi wa mjini, chai ipo. Boila atashika mpiga pasi. Muandikie maelekezo."

"Yule? Yule hata pasi inamshinda."

"Ndiyo maana ya maelekezo, mzee wangu."

Akaandika. Kurasa kumi na nne za daftari, mwandiko mzuri, kila kitu na saa yake: kuwasha, kutoa tope, kusoma geji, kusafisha kioo. Alipofika kwenye koki ya maji aliinua kalamu, akaiangalia ncha yake muda mrefu kidogo, akaandika: Fungua koki, ongeza maji hadi mstari wa kati. Hakuna neno la uongo hapo. Alipiga hesabu kwamba Jumatatu saa nne na robo mpiga pasi atafungua kushoto, ataogopa, atazima moto, na saa tano simu italia. Watamrudisha kwa gari. Na mkuu mwenyewe atasema basi, huyu asiye na cheti tumwache alipo.

Jumatatu mwezeshaji, bwana mmoja mwembamba mwenye kalamu za rangi nne, alibandika karatasi kubwa ukutani na kuuliza maarifa yanakaa wapi katika taasisi. Watu wakasema kwenye mafaili. Wakasema kwenye kompyuta. Bwana Mvuke alikuwa ameweka simu juu ya goti. Saa tano ikapita, saa sita nayo ikapita.

"Na wewe mzee wa nyuma? Yanakaa wapi?"

"Inategemea nani ameondoka," alisema Bwana Mvuke. Mwezeshaji alifurahi, akaliandika kwa rangi ya kijani.

Simu haikulia. Jioni nyumbani aliiweka kando ya sahani, akaigeuza, akaipandisha sauti.

"Unangoja nini kwenye hiyo simu?" mkewe alimuuliza. "Umepeleka posa mahali?"

"Nangoja kazini."

"Kazini si umetoka? Kula."

Hakula vizuri. Mtu anayengoja balaa na lisije hana raha, maana hajui kama halikuja au limekuja na hakuna aliyebaki wa kupiga simu. Jambo hilo la pili lilimjia Jumanne, katikati ya zoezi la vikundi, na halikutoka. Alikuwa amehesabu kwamba mpiga pasi ataogopa. Hakuhesabu kwamba mtu mwingine anaweza asiogope. Mtu asiyeogopa angekaza kushoto, angeuamini mkono wake kuliko kioo, chuma kikavu kingeendelea kupigwa na moto mpaka kipasuke, na nyuma ya ukuta ule walisimama wanawake saba wakikunja mashuka. Alipiga simu ya chumba cha kufulia. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mashine zikiwa zinazunguka hakuna anayesikia simu, alijua hilo.

Jumatano, chai ya saa nne ilipotangazwa, alichukua kofia yake akatoka kama mtu anayekwenda msalani. Nje aliongeza mwendo. Kwenye kona ya hospitali alikuwa anakimbia, jambo ambalo getini lilizua maneno.

"Mzee, unamwona nani?"

"Ondoka hapo."

Kutoka bomba la juu la boila moshi ulikuwa mwembamba, wa rangi nzuri. Hilo lilimtisha zaidi. Akasukuma mlango.

Mpiga pasi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kiti chake yeye Bwana Mvuke, daftari na kitabu cha boila vikiwa mapajani. Mbele ya koki alisimama Mama Pacha, khanga imefungwa kiunoni, anaangalia kioo. Alishika gurudumu, akazungusha kulia. Mara mbili. Maji yakapanda hadi mstari wa kati, akafunga.

"Andika saa nne na robo," alimwambia mpiga pasi. Kisha akageuka. "Ah. Fundi. Umetoroka shule?"

Bwana Mvuke alinyoosha kidole kwenye koki. "Nani amekuonyesha?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Miaka tisa napiga deki hapa. Unaniambia sogea, nasogea. Lakini mtu anayefuta chini ya mabomba yuko magotini, na kutoka chini mgongo wako hauzibi kitu. Naona mkono mpaka kiwiko."

"Mimi Jumatatu nilishaanza kukimbia," mpiga pasi alisema bila aibu yoyote. "Nimefika mlangoni, Mama Pacha ananidaka shati. Ananiambia kaa, we mrefu wa bure."

Mama Pacha alilichukua daftari, akafungua ukurasa wa tisa, akauweka mbele ya miwani ya mwenye mwandiko. "Hapa hukuandika upande."

"Nilisahau."

"Sawa," alisema, akaokota dekio lake. "Ulisahau kila siku saa nne na robo."

Bwana Mvuke alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka pumzi ikarudi. Alipoinuka alichukua kopo la rangi nyekundu lililobaki tangu walipopaka mabomba, akachora mshale kwenye ukuta juu ya koki, kuelekea kulia, mnene kiasi cha kuonekana kutoka mlangoni. Mshale ukatoka na mkia uliopinda. Kisha akarudi mjini kumalizia somo la kurithishana ujuzi, ambalo kwa bahati lilikuwa bado linaendelea.

Cheti alikipata Ijumaa. Jumatatu alikuwa mlangoni kwa afisa utumishi kabla hajafungua.

"Awamu ijayo muweke Mama Pacha."

"Mama Pacha yupi?"

"Wa usafi. Ameendesha boila wiki nzima."

Afisa alipekua kitabu, kwa adabu. "Kitabu cha boila kimesainiwa na mpiga pasi, mzee wangu. Na yule mama si wetu. Analetwa na kampuni ya usafi. Waraka unasema mfanyakazi."

"Yuko hapa miaka tisa."

"Najua. Huwa ananisalimia." Aliandika kitu kwenye kalenda kubwa. "Ila habari njema, tumekuteua wewe kwa hatua ya pili. Sasa tumeona unaweza kuachiliwa."

Mwisho wa mwezi waraka mpya ulibandikwa mlangoni juu ya ule wa zamani. Ulitangaza kwamba hospitali imetimiza lengo lake, na wafanyakazi wote, asilimia mia moja, wamepata mafunzo. Ulibanduka pembe ileile. Mama Pacha, ambaye sasa hushika boila Jumanne na Alhamisi mchana wakati Bwana Mvuke yuko kwenye hatua ya pili, aliubonyeza kwa kiganja, akachukua ndoo yake, akaingia.