Sufuria Isiyoingia Nyama

Alasiri ile, mwanangu, nikifumba macho bado naiona. Kaa nikuhadithie. Simu weka pembeni. Weka, nimesema!

Nilikuwa mzazi, nimo ndani ya arubaini, zile siku za baada ya kujifungua, nyumba yetu ya zamani ya Matrah. Usingizi wa mzazi unaelea tu. Moshi wa udi ukipita juu yangu, pazia likipepea, na jikoni mbegu za uwatu zikikaangwa kwa samli. Nikajua Bi Hansa kaja. Jirani yetu huyu Mhindu kazaliwa Unguja kama sisi kabla hatujahamia huku ng'ambo, na Kiswahili chake kitamu kuliko cha baba yako. Mwanamke yeyote akizaa mtaani, yeye ndiye akimpikia ladu, vile vitonge vitamu vya uwatu, maziwa yateremke. Na mavyaa wangu, bibi yako, Allah amrehemu, alimwekea sufuria yake mbali, haijaingia nyama hata siku moja, Bi Hansa, asiyekula nyama, apike na ale kwetu bila ya wasiwasi.

Siku zile televisheni ikionyesha Wahindu na Waislamu wanachomeana nyumba huko Bara Hindi. Ami yako Seif akaingia kwa kishindo, namsikia nyuma ya pazia: "Mama, huyu asipike tena humu. Hao ndio wanaotuua!"

Bi Hansa ndiye aliyenishika mkono kwenye uchungu, nami sina hata nguvu ya kuinuka nimtetee.

Mavyaa hakupaza sauti. "Ulipougua surua, Seif, nani alokulisha uji? Wakubwa wa huko wanagombanisha watu wapate viti. Wewe huko hata kura huna, wagombana kwa faida ya nani? Haya, shika mwiko ukoroge, uwatu unaungua."

Na alikoroga! Bi Hansa akacheka huku analia, nami chini ya shuka vilevile.

Sasa leo mkeo yumo ndani ya arubaini. Bi Hansa, na magoti yake yale, katoka Khuwair anakokaa siku hizi mpaka hapa Bawshar na bakuli lake, nawe ukamwambia mtumishi asilipokee, kisa video uliyorushiwa ya kuwasema vibaya Wahindu. Nimeumia, mwanangu. Nimeumia sana. Kile kitoto kilicholala ubavuni mwangu alasiri ile kilikuwa wewe. Maziwa uliyonyonya yaliteremshwa na mkono ule ule uliourudisha mlangoni.

Dini yako ishike sana, hakuna aliyekuomba uiache. Bi Hansa hajaonja nyama yetu, nasi hatujasali kwake, na tumependana. Lakini anayekuletea chuki, muulize kwanza anatafuta nini. Na jirani mpime kwa aliyokutendea wewe, usimpime kwa anayosingiziwa.

Sufuria hiyo hapo, nimeshaisugua. Nenda nayo Khuwair, kamwombe radhi, umlete apike. Mola amkuze mwanao mikononi mwa watu wengi wenye kumpenda, nawe akulainishe moyo. Nenda basi, uwatu nimeshauroweka.