Sanduku la Vitabu la Kizimkazi

Siku yangu ya kwanza maktaba, Mji Mkongwe, miaka ya hamsini mwanzoni, mkuu wa maktaba alinikabidhi muhuri wa tarehe kabla hata hajaniuliza jina. Alikuwa Mwingereza. Kila kitabu kilikuwa na kadi ndani ya jalada. Mtu akiazima, jina lake huandikwa pale na muhuri hupigwa.

"Kadi ndiyo itakayoniambia nani anasoma," alisema. "Mengine ni porojo."

Nyinyi vijana mnaotusifu watu wa zamani kwa nidhamu, sikilizeni nidhamu yenyewe ilivyokuwa.

Nilipozoea kazi nikapewa masanduku ya shamba, yaani vitabu vilivyopelekwa vijijini kwa gari la abiria na kubadilishwa kila miezi mitatu. Kizimkazi sanduku lilikaa kwa Bi Mize, aliyesoma skuli mjini. Alasiri wanawake walikusanyika barazani kwake kusuka ukili wa mikeka, naye akiwasomea. Niliwaona kwa macho yangu wakigombana juu ya mtu wa kitabuni kana kwamba ni shemeji yao. Lakini kwenye kadi jina lilikuwa moja tu, la Bi Mize, maana ndiye aliyeazima.

Mkuu alizipitia kadi zile. "Kijiji kizima, msomaji mmoja? Lirudishwe sanduku."

Maneno mawili yangetosha: bwana, wanasomewa. Mimi nikajibu, "Naam, bwana." Hasira zangu juu yake hazijapoa mpaka leo, mpumbavu yule mwenye hati nzuri ya mkono. Zinazoniunguza zaidi ni zile za juu yangu mwenyewe.

Bi Mize alinipokea kwa furaha, akidhani nimeleta vipya.

"Shikamoo, Bi Mize. Nimekuja kulichukua sanduku. Halirudi tena."

Hata marahaba hakuitikia. Wanawake waliacha kusuka.

"Basi tuachie hiki kimoja tumalize," alisema, kitabu mkononi.

"Siwezi. Kimo kwenye orodha."

Gari lilikuwa likipiga honi.

"Haya, twambie wewe mtu wa vitabu. Huyu alofungwa kwa kusingiziwa, katoka au kafia ndani?"

Kitabu kile nilikuwa nimekipiga muhuri miaka miwili. Sikuwahi kukisoma hata ukurasa mmoja.

"Sijui, Bi Mize."

Akanipa kitabu, akageuza uso.

Nilistaafu na cheti cha utumishi mwema, na wakubwa walizisifu sana kadi zangu. Kitabu kile nilikisoma wiki ile ile niliyolichukua sanduku. Mfungwa alitoka. Kizimkazi ni safari ya asubuhi moja, na Bi Mize aliishi miaka mingi baadaye. Sikwenda kumwambia.