Sekunde Tatu za Bi Kata

Kazini walimwita Bi Kata, na si kwa ubaya. Katika miaka kumi na minane ya kuongoza vipindi vya televisheni, neno "kata", la kusimamisha kamera, lilikuwa limemtoka kinywani mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Mtu huyu hakuwa wa kukaa. Kiti chake cha uongozaji kilibaki kipya, maana mwenye kiti alikuwa kiguu na njia kati ya kamera na dirisha.

Ugonjwa huo aliupata jukwaani. Akiwa na miaka ishirini alijiunga na kundi la vichekesho lililofanya mazoezi kwenye ghala la viti vibovu. Mwalimu wao, mzee mkali asiyecheka hata kwa bahati mbaya, aliwafundisha kanuni moja tu: watu wakicheka, hesabu tatu, kisha ondoka. Ukingoja kicheko kiishe, umekwisha wewe. Aliishika kanuni hiyo vizuri mno. Alipohamia nyuma ya kamera alihama nayo: moja, mbili, tatu, kata. Vipindi vyake viliwavunja watu mbavu, na ndoa yake nayo ilikatwa kwa mtindo huohuo, ingawa hapo hakuna aliyecheka.

Sasa kituo kilikuwa kimempa tamthilia ya majonzi, ya kwanza maishani mwake. Onyesho la mwisho lilikuwa la mama anayemuaga mwanawe. Mara saba walilirekodi, mara saba akalikata. Mhariri wa picha, mtu mzima aliyemjua tangu enzi za jukwaani, akamwita kwenye chumba chake.

"Tazama, mdogo wangu. Mwana anatoka, mama anageuka, na wewe huyo, kata. Uso wake hatujauona."

"Uso si upo hapo?"

"Upo sekunde tatu. Bosi amesema kesho onyesho lisipokaa sawa, anampa mtu mwingine amalizie. Na mimi siwezi kuhariri kitu ambacho hukurekodi."

Alitoka pale haraka. Aliitaka tamthilia hiyo kuliko kitu chochote. Alikuwa amechoka kuitwa mchekeshaji aliyepewa kamera. Njiani akapita kwa mama yake, kama kila Alhamisi, kwa dakika zake kumi. Mama aliishi peke yake, chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Bi Kata hakukaa. Aliegemea meza, akamwigiza bosi wake anavyopuliza chai hadi miwani inaingia ukungu, na mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Moja, mbili, tatu.

"Haya mama, nakimbia," akasema, na mkoba ulikuwa tayari begani.

Alipofika chini ya ngazi akakumbuka funguo. Akapanda tena. Mlango alikuwa ameuacha wazi kidogo, na kupitia upenyo ule alimwona mama amekaa palepale, kicheko kimemwisha usoni, akiutazama mlango. Hakuwa akilia. Alikuwa na sura ya mtu aliyezoea kuachwa.

"Umesahau nini, mwanangu?" Uso ulichangamka upesi.

"Funguo."

Akazichukua, akashuka ngazi mbiombio. Aliona aibu, na aibu ile haikumwacha alale vizuri.

Kesho yake studio nzima ilimshangaa: Bi Kata alikaa kitini. Mwana akatoka. Mama wa tamthilia akageuka. Moja, mbili, tatu. Neno likamfika kooni, akalimeza. Miguu ilimcheza chini ya kiti. Mwigizaji, aliyezoea kuokolewa, alingoja kukatwa, na alipoona hakatwi, uso wake ukaanza kushuka taratibu, mpaka ikabaki sura ileile ambayo Bi Kata aliiona jana kwa mama yake. Mpiga picha akamtupia Bi Kata jicho la pembeni. Mwishowe ni mhariri, aliyesimama mlangoni, ndiye aliyesema, "Basi, mdogo wangu. Tumeupata."

Wenzake walipokuwa wakipeana mikono, yeye alitoka nje akampigia mama yake simu.

"Nakuja."

"Leo si Alhamisi. Umesahau nini tena?"

Mizaha mitatu ikamjia kwa mpigo, yote mizuri.

"Sijasahau kitu, mama. Nakuja kukaa."

Upande wa pili mama hakujibu. Bi Kata akahesabu tatu, tatu zikapita, na simu akaendelea kuishika sikioni.