Nafasi Kando ya Mama

Nina studio Kayanga, chumba kimoja chenye pazia la bluu, viti viwili na kioo cha kuchania nywele ambacho wateja wanakipenda kuliko wanavyonipenda mimi. Marehemu baba alikuja huku kutoka Tanga akiuza vitambaa, akaoa, akazeekea hapahapa. Hata hivyo mpaka leo wateja wananiita Mswahili, na hapo tunazungumza Kiswahili hichohicho.

Kazi yangu ni kuwapendezesha watu. Mama analeta kichanga ambacho hata macho hakijajua kuyatumia, anataka kitabasamu. Bibi harusi anataka awe mweupe kuliko mama aliyemzaa. Bwana harusi aliyeazima koti la kaka yake anataka mikono ya koti ifupishwe kwenye kompyuta. Nawasema, wanacheka, kisha nafanya walichotaka, maana mteja ni mfalme hata akiwa mjinga.

Ila ipo kazi moja ambayo sikuwahi kuwasema watu kwa ajili yake. Huku kwetu ni nadra familia kukutana yote. Mmoja yuko Mwanza, mwingine migodini Geita, mwingine kavuka Uganda na simu haipatikani. Kwa hiyo ninapowapanga watu kwa picha ya familia huwa nauliza, "Kuna asiyekuwepo?" Wakisema yupo, nawaambia, "Acheni nafasi ya mtu." Wanasogea kidogo, wanaacha pengo. Yule asiyekuwepo nampiga siku nyingine, popote alipo, halafu namweka mahali pake. Bibi mmoja wa Kiruruma aliniletea picha ya kitambulisho ya mumewe aliyekwisha kufa, nikamsimamisha kando yake kwenye ubatizo wa mjukuu. Alinishukuru kwa mkungu wa ndizi niliochoka kuubeba. Hakuna aliyewahi kuiita kazi hiyo uongo. Tuliiona ni huruma, na mimi bado naiona hivyo, ingawa siku hizi nasema kwa sauti ya chini.

Binti ninayetaka kusimulia habari zake nilimpiga picha siku ya harusi yake. Aliolewa Kyerwa, kwa watu wa kanisa hasa, mkwewe mzee wa kanisa anayetembea amenyooka kama aliyemeza fimbo ya kiongozi wa kwaya. Siku ile aliyemshika mkono kumpeleka mbele alikuwa baba yake mdogo. Wakwe waliambiwa baba mzazi amekwama Murongo na mzigo wa biashara. Nami niliambiwa hivyohivyo, nikaamini. Mpakani mzigo kukwama si habari.

Mwaka uliofuata alijifungua, akaja kwa mama yake Bweranyange kuuguzwa uzazi. Akanipigia simu nikampige picha na mtoto. Nilifika asubuhi, umande bado uko kwenye migomba, mama yake akifagia uani kwa fagio la njiti kana kwamba anakuja askofu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono mikubwa, kucha zimeingia rangi ya kahawa isiyotoka kwa sabuni yoyote. Alinionyesha mibuni yake kabla hajanionyesha mjukuu. Hii niliipanda mwenyewe, hii ilikuwa inakufa nikaikata ikachipua, ile pale usiikanyage. Nikacheka. Mtu anayekitambulisha kibanja chake, shamba lake la nyumbani, namna ile utadhani anakutajia majina ya watoto.

Nikawapanga mbele ya nyumba, mama amempakata mjukuu, binti kando yake. Nikauliza swali langu la siku zote. Binti akajibu haraka, "Ndiyo, acha nafasi upande wa pili wa mama." Mama akauliza ya nani. "Ya kaka," akasema binti. Kaka yuko Mwanza, mama akasogea vizuri kabisa, akaacha nafasi ya mwanawe, akatabasamu.

Siku chache baadaye binti akanipigia. "Ile nafasi, kaka, muweke tata. Baba yuko Murongo, nimeshamwambia. Kaka yangu tutampiga siku nyingine." Sikuona neno. Mimi Murongo naenda mara kwa mara kupiga picha za vibali na za waendesha bodaboda wanaojipenda. Nikamkuta huyo baba dukani kwake, bwana mnene mwenye maneno matamu, nikamsimamisha kwenye ukuta mweupe. Akaniuliza, "Hapo nasimama na nani?"

"Na mama watoto. Na mjukuu wako."

Alicheka kicheko kirefu hadi nikasubiri na kamera mkononi. Kisha akatengeneza kola, akasimama vizuri. Aliponiomba na yeye nimsafishie nakala moja, nikamsafishia. Ile iliyokwenda Kyerwa ilikuwa kubwa, yenye fremu ya dhahabu. Nilijipongeza kwa kazi ile. Bega lake liligusa bega la mke wake, usingeweza kusema hawakuamka nyumba moja.

Kisha siku moja mama akaja studio. Alikuja kwa bodaboda, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Akauliza, "Amekulipa nini?"

Nilipomsihi akae ndipo nikaijua habari ambayo wote walikuwa wamenificha. Mumewe alimwacha na watoto wadogo, akaenda kuishi na mwanamke mwingine mpakani. Wazee wa ukoo walikaa wakaamua kibanja kibaki kwa mama na watoto, na yule bwana asiwe na sauti juu yake mpaka siku mkewe atakapompokea tena uani kwake. Miaka yote hiyo hakukanyaga. Sasa alikuwa amepata mtu wa kununua kibanja, akaenda kwa wazee na picha mkononi. Hii hapa, nimepokelewa, nimesimama uani na mke wangu na mjukuu wangu, mimi ndiye mwenye nyumba. Wazee wameitisha kikao.

Damu ilinipanda. Nilimtukana yule bwana kwa matusi ambayo baba yangu asingependa kuyasikia. Kisha ikabidi niseme lililobaki. "Mama, hakunilipa yeye. Aliyeniomba ni binti yako."

Nikampigia binti palepale, nikaweka sauti ili mama asikie, na binti hakujua kama mama yupo. Alilia kabla sijamaliza. Mkwewe alikuwa amesikia tetesi, akasema nyumba yake haikuoa kwa watu walioachana, mwanamke aliyekulia uani kusiko na mume atajifunzia wapi kukaa na mume. Binti akaapa kwamba wazazi wamekwisha kupatana. Mzee akasema, nionyesheni. Ndiyo maana ya picha. "Kaka, nakuomba kwa ajili ya mtoto huyu, usiseme. Wakijua nimewadanganya watanirudisha. Mume wangu hana la kusema mbele ya baba yake."

Nilipokata simu, mama alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu. Nilimwonea huruma, na nilimwonea hasira yule msichana, na hasira ile ilinirudia mwenyewe kwa sababu sikujua angefanya nini kingine. Mama akasema, "Wewe uje kikaoni. Useme uliyoyafanya. Kibanja kile ndicho kilichowasomesha. Nikikikosa nitalala wapi?"

Nikamwambia nitakuja.

Kikao kilikuwa uani kwa mzee mkubwa wa ukoo, Bweranyange. Wazee walikaa kwenye mabenchi, kisahani cha akamwani kikipita mkono kwa mkono, zile buni kavu za kutafuna ambazo bila hizo hapa hakianzi kikao wala uchumba. Mama alikaa kwenye mkeka na wanawake wawili wa ukoo. Mimi nikapewa kigoda. Yule bwana alikuja na suti. Na nyuma yake, amebeba ile fremu ya dhahabu kwapani, akaja mkwe kutoka Kyerwa, yule mzee wa kanisa.

Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimemdharau yule mnene bure. Alikuwa na nakala yake, ile fremu hakuwa na haja nayo. Aliyemhitaji ni yule aliyeibeba. Nilimtazama mama, yeye alikuwa akiutazama mkeka.

Baba akasema maneno yake. Kwamba alikuja asubuhi kumwona mjukuu, kwamba mke wake alimpokea kwa heshima, kwamba binadamu hukosana na kupatana. "Na picha, wazee wangu, haidanganyi."

Mzee wa ukoo akanigeukia. "Mswahili, wewe ndiye uliyepiga. Ulimkuta huyu pale?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nililifikiria hilo njia nzima, sitakataa. Lakini nilimwahidi mama, tena nilikuwa na hasira, na hasira inanisaidia kusema kweli. "Sikumkuta. Nilimpiga Murongo dukani kwake, nikamuunganisha. Pale aliposimama palikuwa wazi."

Wazee wakaguna. Mmoja akaisogeza fremu karibu na macho, akamgusa yule bwana kwa kidole kana kwamba angebanduka. Baba akacheka. "Wamempa kitu huyu. Kwani mke wangu si yuko hapa? Mwulizeni yeye."

Lakini kabla mzee hajauliza, mkwe akasimama. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. Akamgeukia mama kwa adabu zote, nusu amempa bega kama mkwe anavyotakiwa, akasema, "Mkwe wangu, mimi mambo ya kibanja chenu hayanihusu. Nauliza langu tu. Picha hii mkamwana wangu aliniletea kwa mikono yake, mtoto mgongoni, akaniambia hawa ndio wazazi wangu, wamepatana. Nikaitundika mahali tunaposali. Je, aliniletea uongo nyumbani mwangu?"

Hakuna aliyetafuna. Nilimwona mama akiinua macho, akaitazama fremu kwa muda mrefu, yeye mwenyewe pale na mjukuu mapajani, na bega la mtu aliyemwacha limegusa lake. Alikuwa hajawahi kuiona ikiwa kubwa vile. Nilisema moyoni, sema, mama, sema tu, huyu mzee atakasirika na hasira itapoa. Lakini mimi sina binti Kyerwa.

"Hapana, mkwe," akasema. "Binti yangu hakudanganya. Alikuwepo."

"Mama!" Nilijikuta nimesimama.

Hakunitazama. "Mpiga picha huyu anapiga watu wengi," akawaambia wazee, sauti yake imetulia kabisa. "Leo harusi, kesho ubatizo. Amechanganya. Msimlaumu."

Nadhani mzee wa ukoo alijua. Alimwuliza mara ya pili, polepole, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. "Ulimpokea uani kwako?"

"Nilimpokea."

Basi. Wakasema waliyokuwa wamejifunga kuyasema tangu zamani. Mwenye nyumba amerudi, kibanja ni chake, aamue. Baba akawapa mikono wote, hata mimi alinipa, na mimi kwa upumbavu wa mazoea nikaupokea. Mkwe akachukua fremu yake, akaipangusa vumbi kwa mkono wa koti, akamwambia mama, "Nisamehe kwa kuuliza." Mama akamwambia asalimie nyumbani.

Nilimfuata mama njiani. Nilikuwa na maneno mengi, mengine mabaya. Amenifanya mwongo mbele ya ukoo mzima, mimi niliyekuja kwa ajili yake. Lakini alikuwa anatembea upesi, khanga imeshuka begani na hakuirudisha, na nilipomfikia nikayameza yote. Nikamwuliza tu atakwenda wapi.

"Kaka yangu ana chumba," akasema. "Sijui mkewe atasemaje."

Tukatembea. Kila mbuni uliotokeza njiani aliutazama, hata wa watu wengine. Ndipo simu yake ikalia ndani ya fundo la khanga. Akasimama, akalifungua fundo, akasafisha koo mara mbili, akapokea. Sauti ya binti ilitoka kubwa, nikasikia kila neno, na nyuma yake kichanga kinalia.

"Mama, wamesemaje? Mama? Toka asubuhi maziwa hayatoki, niambie wamesemaje."

"Yamekwisha vizuri," akasema mama. "Mkwe wako hana neno na wewe. Kibanja kimebaki chetu. Sasa kaa chini, mwanangu, utulie, unyonyeshe mtoto."