Banda la Ndama la Mama Selestina

Mama Selestina Wanzagi alizaliwa kabla kijiji chake, nje kidogo ya Butiama, hakijawa cha kihistoria, kwa hiyo hakupata nafasi ya kujiandaa. Amelima mtama, amefuga, amemzika mume, na miaka yote hiyo amelala kwenye msonge wa nyasi. Si kwa kupenda mambo ya kale. Alikosa bati.

Kisha ikaundwa Kamati ya Kulinda Mwonekano wa Kijiji, ikapiga marufuku bati kwenye nyumba yoyote ya kuishi. Mwenyekiti, Mzee Ephraim, mwalimu mstaafu, anakaa Bunda chini ya bati la msauzi, lile la kisasa la buluu. Bunda, alieleza, hakuna historia ya kuharibu.

Mwaka huo binti wa Mama Selestina aliyeko Musoma akamletea mama yake mabati. Masika yaliyotangulia yalikuwa yamemlaza mama hospitali kwa nimonia, na mengine yalikuwa njiani. Akaenda kwenye kikao.

"Mwenyekiti, paa linavuja mpaka kitandani."

"Ezeka upya, mama. Nyasi ni urithi wetu."

"Nyasi zipi, baba? Zamani tulikuwaga tunakata kule mlimani. Sasa hivi mlimani ni pamba, na palipobaki ng'ombe wenu wamemaliza."

"Basi sogeza kitanda."

"Nimesogeza. Nyumba ni ya duara, nimerudi nilipoanzia."

Kamati ilicheka, ikamhurumia, ikakataa. Mama akanyanyuka, akafika mlangoni, akageuka. "Na ndama wangu je? Nao wananyeshewa."

Kikao kizima kikaketi wima. Wajumbe ni watu wa kanisani, wana simu za kisasa, lakini wote wamekulia zizini.

"Ndama wananyeshewa?" mwenyekiti akauliza, kama aliyepewa habari ya msiba. "Tangu lini? Na wewe unakaa tu?"

Banda likaruhusiwa palepale: bati, tofali, saruji chini, na dirisha, maana ndama anahitaji hewa. Banda si nyumba ya kuishi, kwa hiyo halina historia.

Siku mvua ya kwanza ilipotishia, Mzee Ephraim alifika na wageni kuangalia msonge. Akachungulia bandani kwanza. Ndama wawili walikuwa wamelala. Pembeni yao kulikuwa na kitanda, chandarua, rozari ukutani, na Mama Selestina akichambua dagaa.

"Mama! Hili si banda la ndama?"

"Na ndama si hawa hapa?"

"Na wewe?"

"Mwenyekiti, kwenu ndama wanalalaga peke yao?"

Mzee Ephraim aliwatazama ndama. Kwao pia ndama walilala na wenye nyumba; yeye mwenyewe alikua akilambwa masikio usiku. Kulivunja banda kungehitaji azimio, na hakuna mjumbe ambaye angenyoosha mkono ili ndama wanyeshewe.

"Funga dirisha," akasema hatimaye. "Watapigwa na upepo."

Mvua ikaanza. Akawaongoza wageni hadi msongeni, wakanyeshewa humo kwa heshima zote.