Programu ya Wifi na Printa

Wifi yangu anapenda rangi, jamani! Leo kavaa soksi moja nyekundu, nyingine kijani, na wala hana habari. Ndiye anayetuandikia programu hapa maabara ya maji. Mimi ni karani, kwa hiyo namtania nyumbani na kazini.

Miezi mitatu amehangaika na programu ya kutoa majibu ya vipimo. Kwenye skrini inapendeza: maji mazuri kijani, mabaya nyekundu. Lakini mkuu wetu, mzee asiyecheka ovyo, aliinunia tangu mwanzo. "Nileteeni majibu kwenye karatasi kabla ya saa nane," akasema asubuhi, akiweka daftari la zamani mezani. "Isipofaa, tunarudi kwenye daftari."

Nikachapa. Lo! Kila mstari umeanza na takataka: [31m, [32m. Wifi akaipiga printa kofi.

"Printa yenu mbovu!"

"Usiisingizie. Hiyo thelathini na moja ni nini?"

Akanywea. "Amri ya rangi nyekundu. Skrini inaitii..."

"Na printa inaiandika tu! Wewe na mama yako damu moja. Anaongea kwa simu, anasema 'chukua ile pale' huku ananyoosha kidole. Nani anamwona?"

Akacheka mpaka machozi, kisha akakaa kitini. Akaifunza programu kuangalia kwanza inaongea na nani. Ikiwa ni skrini, itoe rangi. Ikiwa ni printa au faili, maneno matupu.

Nikachapa tena. Karatasi safi, lakini nikashtuka: kisima cha shule, ambacho maji yake ni hatari, kilifanana na vingine vyote! Rangi ndiyo ilikuwa alama pekee. Saa saba na nusu hiyo. Wifi akaongeza neno HAYAFAI kwenye kila mstari wa maji mabaya, nikachapa.

Mkuu alisoma taratibu mpaka kwenye kile kisima.

"Kifungwe leo hii," akasema. Kisha akafunga mlango, akashusha sauti. "Na kwenye skrini mniondolee rangi. Kwangu nyekundu na kijani ni kitu kimoja tangu utotoni. Niliona aibu kusema."

Kumbe! Na mimi nilivyokuwa namsengenya! Niliona haya kwelikweli.

"Mzee, nitakuwekea amri ya kuzima rangi," wifi akamwambia. "Ukishazizima, haziji tena."

Mkuu akatazama chini. "Hizo soksi zako wanazicheka kila siku. Mimi naona zinafanana tu."

Tukacheka wote watatu, yeye akituzidi, na daftari akalirudisha kabatini kwa mkono wake mwenyewe.